Tenisi Nyuma ya Pazia

Watu wa ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga pale Pipeline, Nairobi, walijua tu kwamba mimi ni mtu wa kompyuta. Wengine walidhani natengeneza vyeti bandia, wengine walidhani ni mwanafunzi aliyekataa kumaliza shule. Hakuna aliyedhani tenisi. Siku moja vijana wa orofa ya chini, ambao wanajua timu za mpira za Ulaya mpaka wachezaji wa akiba, walinikuta kwenye foleni ya maji nikiikodolea simu macho. Mmoja akachungulia, akaruka nyuma kana kwamba amemwona nyoka. "Buda, tenisi? Si hiyo ni ya watu wa mbuzi choma za bei?" Walicheka mpaka wakashika ukuta. Nikawaacha wacheke, nikajaza mtungi wangu, nikapanda ngazi.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna masoko mtandaoni ambako watu hununua na kuuza utabiri. Mechi ikichezwa, kila mchezaji ana hisa zake, na bei ya hisa iko kati ya sifuri na mia. Akishinda, hisa inakuwa mia. Akishindwa inakuwa sifuri, nawe unabaki kuitazama. Katikati hapo bei inapanda na kushuka kwa kila pointi. Ukiona sitini, maana yake umati unaona ana nafasi sitini kati ya mia. Mimi nilikuwa nanunua mchezaji ambaye umati umemkatia tamaa mapema mno, nangoja apate gemu mbili tatu, bei ipande, namuuza. Sikuwa nangoja mwisho. Nani alishinda nilisikia baadaye, kama unavyosikia habari za arusi ya mtu usiyemjua.

Huku kwetu hilo ni gumu kueleza, kwa sababu sisi tumelelewa na mkeka wa kubeti. Mtu anapanga mechi zake kwenye mkeka mmoja, analipia, kisha anaukalia: anaomba, anafunga, anamtukana refa. Mkeka ni kama mtoto, hauuzwi katikati ya safari. Nami nilitoka huko huko. Ilinichukua muda mrefu na hasara nyingi kujifunza kutompenda mtu yeyote uwanjani. Katika soko lile, anayempenda mchezaji ndiye anayewalisha wengine, na mimi nilikuwa nimechoka kuwalisha. Nikawa mkavu. Mke wangu, ambaye anashona suruali kwenye kiwanda cha nguo na hapendi kelele, alisema nimekuwa mkavu hata mezani, lakini kodi ilikuwa inalipwa, kwa hiyo aliniacha.

Kisha mama yake akaugua.

Sisi sote wawili ni watu wa magharibi, na kwetu mkwe na mama mkwe hawachezi. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Akija barabarani unaingia kichakani, na kama hakuna kichaka unageuka unatazama ua wa watu. Na mama mkwe kulala kwenye nyumba ya mkwe wake? Ng'o, hata kama nje kuna mafuriko. Sasa mama alikuwa na kisukari, na kidonda cha mguu kilikuwa kimekataa kupona, na hospitali ya kuaminika iko Nairobi, na binti yake wa pekee aliye Nairobi anaishi nami katika chumba kimoja, orofa ya sita, ploti isiyo na lifti. Wazee walipigiana simu siku nzima. Mwishowe mmoja wao akauliza risiti za kodi ziko kwa jina la nani. Ziko kwa jina la mke wangu, kwa sababu mimi sikuwa na kazi inayoeleweka na mwenye nyumba. Basi, wakasema, nyumba ni ya binti, mama atalala kwa binti yake. Kwa simu moja nikawa mgeni wa mke wangu.

Usiku nilienda kulala kwa binamu yangu kule Umoja. Asubuhi nilirudi, kwa sababu mke wangu alikuwa kiwandani, mama hakuweza kuachwa peke yake, na intaneti ya binamu yangu haifai hata kutazamia saa. Mke wangu alishona pazia kwa vipande vya kitambaa alivyopewa kazini, nusu bluu nusu kijivu, akalitandaza ukuta hadi ukuta. Upande wa dirisha kitanda na mama. Upande wa mlango meza, kompyuta na mimi. Mama akihitaji kwenda chooni aligonga chuma cha kitanda kwa kikombe, mimi natoka mbio hadi kwenye baraza, namwita mama wa jirani, Msomali mmoja mwenye duka la vitambaa pale chini, ambaye asubuhi nyingi alikuwa bado nyumbani. Alikuwa anapita karibu nami akicheka. "Nyinyi watu mna sheria nyingi kuliko sisi," alisema.

Kabla wana wa kiume wa mama mkwe hawajampandisha ngazi zile kwa kiti cha plastiki na kurudi nyumbani, walikuwa wamempitisha hospitali. Nilikuwa nimesimama mlangoni, uso nje, masikio ndani. Daktari, kijana mpole, alisema vidole vimeshakufa na uozo unapanda. Mguu ukatwe chini ya goti, tena upesi. Mama akasema hapana. Hakupiga kelele. Alisema, "Mguu utangulie kaburini, halafu mimi niufuate? Nizikwe mara mbili, mimi ni nani?" Akafunga leso yake kichwani, akaomba apelekwe kwa binti yake.

Kuanzia hapo kila mtu akaanza kumwambia atapona. Mke wangu alimwambia asubuhi kabla ya kutoka na jioni akimsafisha kidonda. Ndugu zake walimwambia kwa simu. Mchungaji alikuja na wanawake wa kanisa, wakaimba mpaka majirani wa juu wakagonga sakafu, wakamwambia ameshapona. Yeye alisema amina. Wote walitaka akatwe, na wote waliogopa kumwambia kitakachotokea asipokatwa, wakidhani wakimtisha ndiyo wamemuua. Mimi sikuambiwa niseme lolote. Mkwe hana neno katika mambo ya mwili wa mama mkwe, na kusema kweli nilishukuru.

Siku za kwanza tulinyamaziana. Lakini mimi nina tabia mbaya ya kuongea na kazi. Nilikuwa nasema, "Haya, sevu basi, mama yangu," mchezaji akitaka kuanzisha mpira, au, "Huyu amechoka, mtazame," na nikiuza najiambia kwa sauti, "Ameenda." Siku moja, katikati ya mechi ya wanawake katika mji fulani wa Ulaya ambao hata kuutamka siwezi, sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Mkwe."

"Naam, Mama."

"Huyo unayemwambia asevu, ni nani?"

Nikamweleza. Sikumweleza kama kamari, nilimweleza kama soko, na yeye alikuwa ameuza ndizi na kuku sokoni maisha yake yote, akaelewa upesi kuliko binamu yangu aliyesoma uhasibu. Nunua wakati wengine wamekata tamaa, uza wakati wamechangamka. Kitu kimoja tu hakukielewa.

"Na akiwa anashinda, kwa nini umuuze?"

"Kwa sababu bei imefika, Mama."

"Lakini anashinda."

"Anaweza kushindwa."

"Mkwe wangu ni dalali wa binadamu," akasema. Nikacheka peke yangu.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu ya mchana. Sikuwa na picha ya mechi mara nyingi, nilikuwa na alama na bei tu, kwa hiyo nilimsomea. Alichagua wachezaji wake kwa sababu zisizo na maana. Alimpenda msichana wa nchi ndogo kwa sababu alikuwa amepoteza seti ya kwanza, na kwa sababu mama yake, nilivyosoma mahali fulani, alikuwa mshonaji. "Usimuuze huyo." Nikamuuza, kwa sababu bei ilifika. Msichana akashinda. Mama hakusema nami neno hadi kesho yake, na alipogonga kikombe aligonga kwa hasira. Nilijifanya sijali. Nilijali, nikashangaa kwamba najali.

Halafu nikafanya kosa ambalo mtu asiyelelewa na mkeka hawezi kulifanya. Kijana mmoja alikuwa anaongoza vizuri, lakini paja limefungwa bendeji na bei yake imedorora. Nikamnunua kwa wingi kuliko kawaida yangu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: akimaliza nimeshinda, akijiondoa narudishiwa. Kwenye mkeka ndivyo ilivyo, mchezaji akijiondoa mechi inafutwa unapata chako. Kijana akacheza gemu moja zaidi, akampa mwenzake mkono, akatoka. Nikangoja kurudishiwa. Soko likaandika sifuri. Kumbe kule aliyejiondoa ameshindwa, basi, na sheria ilikuwa imeandikwa wazi mahali ambapo mtu wa mkeka hajawahi kuona haja ya kusoma. Nikatukana. Nilisahau nani yuko nyuma ya pazia, nikatukana matusi ya stendi, yote.

Kisha nikasikia kitanda kinatikisika. Mama alikuwa anacheka, kile kicheko cha mtu anayejizuia asicheke.

"Ameanguka?" akauliza.

"Ametoka mwenyewe, Mama. Mguu unauma."

"Alikuwa anaongoza?"

"Alikuwa anaongoza."

"Na anahesabiwa ameshindwa?"

"Anahesabiwa ameshindwa."

"Mjinga. Angemalizia hapo hapo, hata kwa kutambaa."

"Akimalizia hapo mguu unaharibika kabisa. Sasa atacheza tena mwezi ujao."

Mwezi uliofuata aliniuliza kama yule wa paja amerudi. Nikatafuta. Amerudi, nikamwambia, na ametolewa raundi ya kwanza. "Basi angalau amerudi," akasema, tukaendelea na mechi iliyokuwepo.

Sikuyaona kama mazungumzo ya maana. Ningeyaona hivyo, ningeyakimbia.

Siku mambo yalipobadilika ilikuwa mchana wa jua kali, nguo za ploti nzima zimening'inia nje na sabuni inadondoka kutoka orofa moja hadi nyingine. Nilikuwa nimemnunua mwanamke mmoja kwa thelathini na kitu, na alikuwa anasevu vibaya. Mama hakuwa ameuliza alama tangu nifike. Nilidhani amelala. Kisha nikasikia chuma cha kitanda kinagonga ukuta, taratibu, bila kukoma, na si kikombe. Alikuwa anatetemeka.

"Mama?"

"Baridi," akasema. Pale ndani mimi nilikuwa natokwa na jasho.

Nikampigia mke wangu, simu ikaita bure. Kiwandani wanaziweka kwenye makabati. Nikapiga tena.

"Mkwe, wacha simu. Nataka kukuuliza kitu, na usinijibu kama mchungaji."

"Uliza, Mama."

"Mguu huu. Kwenye soko lako, mimi ni ngapi?"

Nilikuwa na kanuni moja kubwa katika kazi ile: kitu unachokitaka, usikiwekee bei. Jicho linadanganya, unaongeza pale na pale, unajikuta umempenda. Na hapo nikajua kwamba nataka mama huyu aishi, nilitaka vibaya sana. Nikainamisha kichwa mezani. Nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Umri wake. Sukari. Homa iliyokuja leo. Moyo, ambao daktari aliutaja mara moja akapita. Maneno ya daktari mlangoni, na vile alivyotazama chini alipoyasema.

"Usipokatwa," nikasema, "kumi."

"Kati ya mia?"

"Kati ya mia."

Chuma kiliendelea kugonga ukuta.

"Na nikikatwa?"

"Leo, themanini. Ulipofika ilikuwa tisini na kitu. Inashuka, Mama. Kila siku inashuka."

"Ningekufa na hamkuniambia," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeuliza bei ya kuku mlangoni mwa soko na kugundua amekuwa akidanganywa msimu mzima. Kisha akasema, "Huyo wa leo, umemuuza?"

"Bado."

"Muuze twende."

Nitasema ilivyokuwa: nilimuuza kwanza. Nilimuuza kwa hasara, na yeye akangoja. Kisha nikakimbia kwenye baraza kumwita mama wa jirani, nikakuta kufuli mlangoni, ameshashuka dukani. Nikapiga kelele kwenye ngazi, wakaitika watoto tu. Vijana wale wa chini walikuwa vibaruani. Orofa yetu mchana huwa ni watoto na nguo zinazokauka. Nikarudi nikasimama mbele ya pazia kama mjinga.

"Hakuna mtu, Mama. Nishuke nitafute."

"Wewe huna mgongo?"

"Mama, siwezi."

"Hata mimi siwezi," akasema. "Geuka."

Nikageuka, nikatazama mlango. Nikasikia pazia likivutwa, pete zake zikilia kwenye waya. Nikarudi kinyumenyume mpaka kitanda kikanigusa nyuma ya magoti, nikachuchumaa. Akanishika mabega. Alikuwa wa moto sana, na mwepesi kuliko nilivyodhani. Alijifunika leso uso wote, akafunika nayo nusu ya kichwa changu pia, ili tusionane hata kwa bahati mbaya, na harufu ya kidonda na ya mafuta anayochulia mgongo ikatufunika sote wawili. Ndivyo tulivyotoka.

Kushuka kule sitakusahau. Sikuona vizuri, nilihisi ngazi kwa miguu. Watoto walitufuata wakipiga kelele. Wapangaji wengine walicheka, wakidhani ni mchezo. Lakini kwenye orofa ya tatu kuna mama mmoja wa kwetu anayeuza mboga mlangoni, na yeye alituona akaelewa. Aliweka kisu chini, akageuka, akatazama ukuta mpaka tukapita. "Pole, mama," alisema kwa lugha ya nyumbani. Niliona aibu mpaka nikataka kulia, na wakati huo huo sikutaka ngazi ziishe, kwa sababu chini barabarani kulikuwa na teksi, na baada ya teksi mambo yasingekuwa mikononi mwangu.

Walimkata jioni ile. Mke wangu alifika na sare ya kiwandani, akaweka sahihi. Upasuaji ulikwenda vizuri, kila mtu alisema. Mama aliamka, akaomba chai, akauliza mguu umewekwa wapi, akaambiwa, akasema sawa. Nilisimama nje ya wodi kama inavyotakiwa. Alituma nesi aniulize yule wa nchi ndogo anacheza lini. Nikamwambia nesi, akampelekea jibu. Siku chache baadaye, asubuhi, moyo wake ulisimama wakati anaoshwa.

Themanini ni themanini. Nje yake kuna ishirini, na ile ishirini si mapambo, hutokea. Nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa nawafundisha wengine: uamuzi mzuri na matokeo mabaya ni vitu viwili, usivichanganye. Nililirudia hilo kichwani njia nzima ya kwenda kumzika. Halikunisaidia kitu.

Kule nyumbani mashangazi walikaa kunijadili. Mmoja alisema aliyembeba mama mkwe lazima alete mbuzi, vinginevyo watoto wetu watazaliwa na kasoro. Mwingine alisema aliyebebwa ndiye angedai, naye hakudai. Nikaleta mbuzi, iwe imekwisha. Mke wangu alikuwa hasemi nami zaidi ya neno la lazima, nami nilidhani najua kwa nini. Kwa miezi yote ile mama alikataa kisu. Mchana mmoja peke yake nami, akakubali. Mtu angeuliza niliufanyia nini moyo wake.

Mke wangu aliniuliza asubuhi baada ya mazishi. Alikuwa nyuma ya jikoni anaosha vikombe vya wageni, mimi navipokea na kuvisuuza. Hakunitazama.

"Alikuuliza wewe, sivyo?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia atapona?"

"Hapana. Nilimwambia themanini kati ya mia."

Akasugua kikombe kimoja muda mrefu, kikombe kilichokuwa kisafi tayari. Nikangoja. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kuambiwa nirudi Nairobi peke yangu.

"Mimi nilimwambia mia," akasema. "Kila asubuhi na kila jioni, mia. Hakuinuka kitandani."

Akanipa kikombe, nikakipokea, na hapo ndipo alipoanza kulia.